Mtu wa Miti: Maisha ya Richard St. Barbe Baker

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana katika nchi nyingi, lakini katika vilima vyetu vya Kasulu na Kibondo ni wachache waliolisikia. Naye ni Richard St. Barbe Baker, Mwingereza, ambaye watu walizoea kumwita Mtu wa Miti. Alifariki mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 92. Hatuisimulii habari hii ili kuwatukuza wageni, maana kazi yake kubwa ilianza kwa vijana Waafrika katika nchi jirani ya Kenya, kwa ngoma yao wenyewe na kwa ahadi ya vinywa vyao wenyewe. Na jambo lililowapasa vijana wale mwaka 1922 lawapasa vijana wetu hata leo.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti. Kazi yake ilikuwa kuotesha mbegu, kutunza miche na kuiuza. Tena alikuwa mtu wa kuhubiri Injili. Basi mtoto alikua katikati ya mambo hayo mawili, akasikia Neno na kushika udongo kwa mikono yake. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na msitu. Alipokuwa angali mtoto mdogo aliruhusiwa na yaya wake kutembea humo peke yake, akaenda mbali kuliko alivyokusudia, hata asiione tena njia. Watoto wengi wangalilia. Yeye hakuogopa, bali aliona furaha na amani kubwa moyoni, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya Mungu. Hata alipokuwa mzee sana aliisimulia siku ile kuwa ndiyo iliyomfundisha kuipenda miti. Twaona hapa ya kuwa mafundisho ya kwanza ya mambo ya nchi hayakumpata katika kitabu, bali kwa miguu na macho yake, angali mdogo.

Alipofika umri wa miaka ishirini hivi alisafiri kwenda Kanada, akakaa katika jimbo la Saskatchewan. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji, naye alisoma elimu ya dini katika mji wa Saskatoon. Lakini ili apate riziki alifanya kazi pia pamoja na wakata miti katika misitu ya kaskazini. Huko aliona mambo mawili yaliyomsumbua. Kwanza, miti mikubwa ilikatwa kwa uharibifu mwingi, hata sehemu kubwa ikaachwa kuoza chini. Pili, katika nchi tambarare wakulima walikuwa wameondoa vichaka na miti yote ili kupanda ngano, na upepo ulipovuma hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Ukauchukua udongo mzuri wa juu, ukaupeleka mbali. Kijana Baker akaanza kuwaza kwamba mtu aweza kuiua nchi kwa jembe lake mwenyewe, pasipo kukusudia.

Akarudi Uingereza kuendelea na masomo ya dini katika Cambridge. Mara ikaja ile vita kuu ya mwaka 1914, akaingia katika jeshi la mizinga, akaumizwa vibaya. Vita ilipokwisha hakuendelea tena na kazi ya uchungaji. Alisoma elimu ya misitu katika Cambridge ile ile, na mwaka 1920 Serikali ya Kiingereza ikampeleka Kenya kuwa Bwana Misitu msaidizi.

Sasa wasomaji wetu yawapasa kuijua hali ya Kenya siku zile. Nchi ya Wakikuyu ilikuwa na misitu mikubwa ya mierezi na mizeituni ya mwituni. Lakini walowezi wa Kizungu walikuwa wametwaa mashamba mapana, wakafyeka ili kulima. Na injini za reli ziliwashwa kwa kuni. Wenyeji walikuwa wamesongwa katika sehemu ndogo. Desturi yao ya kulima ilikuwa kufyeka kipande cha msitu, kuchoma, kulima miaka michache, kisha kuhama. Desturi hiyo haikuwa mbaya zamani za mababu, kwa kuwa nchi ilikuwa pana, na shamba lililoachwa lilipumzika miaka mingi hata msitu ukarudi. Lakini nchi ilipopungua, pumziko nalo likapungua. Shamba lililimwa tena kabla ya miti kuota, nazo mbuzi zikala machipukizi. Mvua ikipiga udongo usio na kifuniko huuchukua mpaka mtoni. Nayo maji, badala ya kunywewa polepole na ardhi na kutoka tena katika chemchemi, hupita upesi na kwenda zake. Basi pakawa na mafuriko wakati wa mvua, na kiu wakati wa kiangazi.

Baker aliyaona hayo, akaweka kitalu cha miche. Lakini Serikali haikumpa fedha za kutosha kuajiri watu, naye alijua ya kuwa msitu uliopandwa kwa amri tu hauna mtu wa kuulinda. Kwa hiyo aliwaendea wazee wa Kikuyu, akawaomba wawashauri watu wao kupanda miti. Wazee wakamjibu kwa adabu ya kwamba kupanda miti ni shauri la Mungu, si la wanadamu. Tangu kale miti imejiotea yenyewe. Miti mizee huangusha mbegu, nazo mbegu huota. Jibu hili si la kuchekwa. Wazee walisema kweli kwa jinsi walivyoiona nchi yao maisha yao yote. Tena walikuwa na heshima kwa miti, maana mugumo mkubwa haukukatwa, na chini yake ndipo walipomwomba Mungu. Baker hakuwabishia habari za Mungu. Aliwaonyesha tu kwamba miti iliyo mama sasa imekatwa, na pasipo mama hapana mbegu, na pasipo mbegu hapana mtoto. Wazee wakalifikiri neno hilo.

Tena akakumbuka jambo jingine alilokuwa ameliona katika kukaa kwake nao. Wakikuyu walikuwa na ngoma kwa kila jambo kubwa: ngoma ya kupanda, ngoma ya kuvuna, na nyinginezo. Lakini ngoma ya miti haikuwapo. Akafanya shauri na Chifu Josiah Njonjo na wazee wengine ili kuanzishwe ngoma mpya, ngoma ya miti. Habari zikapelekwa vijijini, ikatangazwa kwamba atakayejipamba vizuri kupita wenzake atapewa fahali aliyenona, na msichana mzuri atapewa ushanga.

Ilipofika tarehe 22 Julai 1922, vijana wapatao 3,000 walikusanyika Muguga, karibu na kambi ya Baker, wamejipaka rangi na kushika silaha zao. Hao ndio vijana ambao watu wengi waliwadharau, wakisema ni watu wa vita na michezo tu, wasio na kazi ya maana kwa kuwa vita vya kale vimekwisha. Baker akawaambia habari za nchi yao inavyokwisha, akauliza ni nani aliye tayari kujitolea. Wengi wakajitokeza, nao wakachaguliwa 50 wawe wa kwanza. Vijana hao waliahidi mbele za Mungu mambo matatu: kuulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote itakapokuwa. Wakapewa alama ya kuvaa, na neno la siri la Kikikuyu, Twahamwe, ambalo kwao lilikuwa na maana ya kuvuta pamoja kama mtu mmoja. Chama chao kikaitwa kwa Kiswahili, Watu wa Miti.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Baker angaliweza kuwaita vijana kwa askari. Angaliweza kuwaambia ngoma zao ni upuzi, kama walivyofanya Wazungu wengi wa siku zile. Yeye alitazama kwanza ni kitu gani watu wale walikipenda na kukiheshimu, akatia fundisho jipya ndani ya chombo kilichokuwa kimekwisha tengenezwa nao. Wala hakuwa peke yake. Pasipo Chifu Njonjo na wazee wenzake hapangekuwa na hata kijana mmoja. Kwa hiyo historia ya kweli huwataja wote wawili, Mzungu na Chifu, kuwa waanzilishi wa kazi ile.

Mafundisho yenyewe hayakutolewa darasani. Vijana walijifunza kuokota mbegu kwa wakati wake, kuzilaza kitaluni, kuzifunika zisichomwe na jua, na kuhamisha miche mvua ikianza. Walifundishwa kuipanda katikati ya mazao yao, ili mtu akihama shamba aache nyuma yake msitu mchanga badala ya jangwa. Hayo ni mambo ya mikono, lakini ndani yake kuna elimu kubwa. Maana mtu aliyetunza mche toka mbegu hadi kimo chake mwenyewe hawezi kuwasha moto ovyo karibu nao. Ameijua gharama yake.

Kuna tendo moja la Baker katika Kenya ambalo Wakristo yafaa walijue. Siku moja afisa aliyekuwa mkubwa wake alitaka kumpiga Mwafrika mmoja. Baker akajitia katikati, na pigo lile likamwangukia yeye. Tendo hilo halikuwapendeza wakubwa wake, nalo lilimletea taabu katika kazi ya Serikali. Lakini twadhani vijana wa Muguga waliosikia habari hiyo walifahamu ya kuwa mtu huyu hapendi miti tu na kuwachukia wenye miti. Kwa kweli wako watu wanaohurumia mnyama na mti, lakini hawamhurumii maskini anayekaa karibu nao. Mafundisho yao hayafiki mbali.

Mwaka 1924 Baker alikuwa Uingereza, akaanzisha huko chama kwa jina lile lile la Watu wa Miti kwa lugha ya Kiingereza. Yapasa kusema wazi, kwa kuwa hatusimulii nusu ya habari, kwamba katika siku hizo alijiunga na dini ya Kibahai, naye alikaa katika dini hiyo mpaka kufa. Sisi wa Kanisa la Kilutheri hatukiri kama alivyokiri yeye. Lakini kazi njema ya mtu haigeuki kuwa mbaya kwa sababu hiyo, wala udongo unaochukuliwa na maji hauulizi dini ya mwenye shamba.

Kutoka mwaka 1925 mpaka 1929 alifanya kazi ya misitu katika Nigeria. Kisha akaenda Palestina, akawakutanisha viongozi wa dini mbalimbali, Wakristo, Waislamu na Wayahudi, ili washirikiane kupanda miti katika nchi ile ambayo vilima vyake vimekuwa mawe matupu. Baadaye alikwenda Marekani, katika jimbo la California, akasaidia kukusanya nguvu za watu ili miti mirefu kuliko yote duniani isikatwe. Mwaka 1952 na 1953 alivuka jangwa la Sahara pamoja na wenzake, akichunguza jinsi jangwa linavyosogea na namna miti iwezavyo kulizuia. Aliandika vitabu vingi, akahutubia watu wa kila namna, lakini mali hakujiwekea.

Katika uzee wake alihamia New Zealand. Mwaka 1963, akiwa na miaka zaidi ya 70, alipanda farasi na kusafiri toka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini ya nchi ile, akisimama shuleni njiani kuwafundisha watoto habari za miti. Maelfu kwa maelfu ya watoto walimsikia. Na mwaka 1982, akiwa amerudi Saskatoon, mji wa ujana wake, alipanda mti wake wa mwisho tarehe 5 Juni, siku ambayo mataifa huikumbuka kuwa Siku ya Mazingira. Siku nne baadaye, tarehe 9 Juni, akafariki, akazikwa huko huko.

Chama alichokianzisha kipo mpaka leo kwa jina jingine, na kingali kikipanda miti katika Kenya. Lakini twaona pia palipokuwa na upungufu katika mwanzo ule wa Muguga. Walioitwa kuweka ahadi walikuwa vijana wa kiume. Wasichana walipewa ushanga. Lakini ni nani aendaye kutafuta kuni? Ni nani ajuaye kwanza ya kuwa chemchemi imepungua? Ni mama na binti zake. Upungufu huo ulijazwa na mwanamke wa milima ile ile ya Kikuyu, Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianza kuwakusanya akina mama wa vijijini kuotesha miche na kuipanda. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuipata, naye akafariki mwaka 2011. Basi anayefundisha vijana leo asiwaache wasichana pembeni kama watazamaji.

Sasa turudi kwetu. Nchi ya Waha ni nchi ya vilima na udongo mwekundu, na mito yake yashuka mpaka Malagarasi. Wazee wetu waliijua ikiwa imefunikwa na miombo na mininga, na mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti. Mambo mengi yameipata. Mwaka 1972 watu walianza kuhamishwa na kukusanywa katika vijiji vikubwa, na kuni za karibu na vijiji zikatafutwa na watu wengi pamoja. Tangu mwaka 1993 ndugu zetu wa Burundi, na baadaye wa Kongo, walikimbilia Kibondo na Kasulu kwa maelfu, wakiokoa maisha yao. Mtu aliyekimbia kifo hawezi kupika pasipo kuni, wala hatumlaumu. Lakini mkaa, mashamba mapya, na moto wa kiangazi unaowashwa na mtu mmoja na kuunguza mlima mzima, hayo hayakuletwa na wakimbizi peke yao. Na jibu la watu wengi bado ni lile lile la wazee wa Muguga: ni shauri la Mungu.

Ndiyo, ni shauri la Mungu. Lakini Mwanzo yatufundisha ya kuwa Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Na Torati ilikataza askari wa Israeli kuikata miti ya matunda hata walipouzingira mji wa adui. Basi shauri la Mungu limekwisha tolewa, nalo limetiwa mikononi mwetu.

Twawashauri makatekista wenzetu wa Kasulu na Kibondo mambo machache, yanayofuata mfano wa kazi hii. Vijana wanaofundishwa kipaimara watolewe nje ya nyumba ya mafundisho siku moja katika mwezi, wavulana na wasichana pamoja, waende na mzee mmoja anayejua miti. Mzee awaambie kila mti jina lake la Kiha, ni upi hutoa dawa, upi hupendwa na nyuki, upi hufaa kwa mpini wa jembe. Elimu hii ingali katika vichwa vya wazee wachache, nao wanapungua kila mwaka. Kisha vijana waokote mbegu na kuweka kitalu kidogo karibu na maji, wapate miche ya kupanda mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Karibu na chemchemi wasipande mikaratusi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Wapande miti ya asili ya mahali pale. Tena wafundishwe ya kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia kazi zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ili ajuaye sheria aweze kusema na jirani yake kwa upole na kwa hakika.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Ahadi ya Muguga ilikuwa miti kumi kwa mwaka kwa kila kijana. Hiyo si mingi, lakini ahadi ile haikuishia katika kupanda. Ilikuwa pia kutunza. Sisi huhesabu miche siku ya kuipanda, tukapiga makofi na kwenda zetu, kisha mbuzi na moto humaliza hesabu. Afadhali kijana apande mitatu, aizungushie miiba, afyeke majani kuizunguka kabla ya kiangazi, na kuja kuihesabu tena mwezi wa Oktoba. Mti uliopita kiangazi kimoja na ungali hai, huo ndio uandikwe katika daftari la usharika.